Kuzidisha kisichojulikana: mapengo ndani ya matriksi

Saa tatu asubuhi mpimaji wa mvua hufunua chombo chake, humimina maji yaliyokusanyika tangu saa tatu ya jana kwenye silinda yenye mistari ya milimita, huinama mpaka jicho lilingane na uso wa maji, kisha huandika. Kama haikunyesha, huandika 0.0. Kama yeye mwenyewe aliugua na hakuna aliyeshika zamu yake, nafasi ya siku ile hubaki nyeupe. Ukifungua daftari unaona tofauti mara moja: pale pana sifuri, hapa hapana kitu.

Taabu huanza daftari hilo linapoingizwa kwenye kompyuta na kugeuzwa matriksi, yaani jedwali la namba lenye safu mlalo na safu wima, ambalo tunaweza kulijumlisha, kulizidisha na kulitafutia kinyume kama vile ni namba moja. Matriksi haina nafasi nyeupe. Kila kisanduku lazima kibebe kitu, na kitu hicho kitaingia kwenye hesabu upende usipende. Kazi yangu ni majedwali ya mvua, kwa hiyo nitaeleza kwa mvua, lakini yote yanayofuata yanamhusu pia anayeshughulika na matokeo ya mitihani, mauzo ya duka au vipimo vya wagonjwa.

Njia kongwe ya kuziba nafasi nyeupe ni kuweka namba isiyowezekana. Hifadhidata ya dunia ya vipimo vya kila siku, GHCN-Daily, huweka -9999. CHIRPS, ramani za mvua zinazounganisha setilaiti na vituo vya ardhini kuanzia mwaka 1981, nazo huweka -9999. Mvua haiwezi kuwa hasi, hivyo anayesoma ataelewa. Kompyuta haielewi. Niliwahi kupokea jedwali la mwezi wa siku 30 lenye pengo moja tu. Siku 29 zilikuwa na jumla ya milimita 145, na jumla ya mwezi ikatoka -9,854. Kosa la namna hii nalishukuru, maana linapiga kelele. Linalonitisha ni lile linalonyamaza, kama pale mwingiza data anapoamua kuwa 99 ni alama ya "hakuna". Milimita 99 kwa siku moja, Tanga, mwezi Mei, ni mvua inayowezekana kabisa. Namba ile itapita kwenye kila ukaguzi, na wastani wa mwezi utapanda bila mtu kushtuka.

Mwaka 1985 kiwango cha IEEE 754, kanuni za jinsi kompyuta inavyohesabu namba za desimali, ambacho mwanahisabati William Kahan alikuwa mhimili wake, kilizipa kompyuta namna bora zaidi: thamani maalumu iitwayo NaN, maana yake "si namba". Kanuni yake ni kali. Ukijumlisha chochote na NaN unapata NaN. Ukizidisha, NaN. Hata sifuri mara NaN ni NaN. Tena NaN hailingani na kitu chochote, hata yenyewe, kwa hiyo ukiiuliza kompyuta kama kisanduku fulani ni sawa na NaN, itakujibu hapana siku zote. Inabidi utumie swali lililotengwa kwa kazi hiyo, kama isnan. R, lugha ya kompyuta ya kazi za takwimu, imekwenda hatua moja mbele kwa kutenganisha NaN, ambayo hutokana na hesabu isiyo na jibu kama sifuri kugawanywa kwa sifuri, na NA, ambayo husema wazi kuwa namba ilikuwepo duniani ila sisi hatunayo. R hata hujaribu kufikiri juu ya kisichojulikana: NA ikipandishwa kwa kipeo cha 0 inatoa 1, kwa sababu namba yoyote ile ingekuwa chini ya alama hiyo, jibu lingekuwa 1.

Sasa tuiingize NaN kwenye matriksi. Unapozidisha matriksi mbili, kila kisanduku cha jibu hutokana na safu mlalo nzima ya matriksi ya kushoto kukutanishwa na safu wima nzima ya matriksi ya kulia. Kwa hiyo pengo moja katika matriksi ya kushoto huua safu mlalo nzima ya jibu, na pengo moja katika ile ya kulia huua safu wima nzima. Mwenye vituo kumi anayetafuta jedwali la uhusiano kati ya kila kituo na kila kituo, siku moja tu ikikosekana kwenye kituo cha tatu, atapoteza safu mlalo ya tatu na safu wima ya tatu: visanduku 19 kati ya 100. Akiendelea na kutafuta kinyume cha jedwali hilo, kwa kawaida hakibaki kisanduku kizima hata kimoja. Na akilipeleka jedwali lenye NaN kwenye NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ili livunjwe vipande kwa njia ya SVD, ambayo hulitenga katika mielekeo yake kuanzia mkubwa hadi mdogo, atapewa ujumbe kwamba SVD haikufika mwisho wa hesabu yake. Ujumbe huo unapotosha. Nimeona vijana wakihangaika siku nzima kubadilisha mipangilio ya hesabu, kumbe kisa ni kisanduku kimoja kitupu katika safu ya elfu tatu na kitu.

Ukali huu wa NaN wengi huuona kero. Mimi nauona uaminifu: kompyuta inakwambia kwamba jibu linategemea kitu usichokijua. Wasiwasi wangu uko kwenye programu zinazokuamulia kimyakimya, kila moja kwa desturi yake. Katika Excel, AVERAGE huviruka visanduku vitupu. Ukiandika fomula ya A1+B1, kisanduku kitupu huhesabiwa kuwa sifuri. Na MMULT, ile ya kuzidisha matriksi, hugoma na kurudisha #VALUE!. Hayo ni maoni matatu juu ya pengo lilelile ndani ya programu moja. Katika Python, pandas, maktaba ya majedwali, hujumlisha kwa kuruka mapengo, na tangu toleo la 0.22 jumla ya safu iliyo tupu yote ni sifuri. Tafakari maana yake kwa mvua: kituo kilichofungwa Aprili nzima kitaonekana kwenye jedwali la miezi kuwa kilipata milimita 0 katikati ya masika. Dawa ipo, unaiambia pandas min_count=1 ili isijumlishe pasipo na namba hata moja, lakini sharti kwanza ujue kuwa unaumwa.

Tuchukue hesabu moja tuifanye kwa mkono. Tunataka wastani wa mvua ya bonde lenye vituo vitatu. Tangu Alfred Thiessen alipoeleza njia yake mwaka 1911, desturi ni kukipa kila kituo uzito kulingana na sehemu ya eneo lililo karibu nacho kuliko vituo vingine. Kwa mfano wetu, uzito ni 0.5, 0.3 na 0.2. Miezi ikiwa safu mlalo na vituo safu wima, mvua ya bonde kwa kila mwezi ni matriksi hiyo kuzidishwa kwa safu ya uzito. Aprili, kituo cha kwanza kina milimita 180, cha pili 240, cha tatu hakikuleta kitu.

Kompyuta ikiachwa na kanuni zake, jibu la Aprili ni NaN. Mwenye haraka huweka sifuri: 0.5 mara 180 ni 90, 0.3 mara 240 ni 72, jumla 162. Jibu hili ni kosa kwa namna inayoeleweka, maana limesema kuwa sehemu moja ya tano ya bonde haikupata tone. Mwenye uangalifu zaidi hugundua kwamba uzito uliotumika ni 0.8 tu, si 1, hivyo hugawanya: 162 kwa 0.8 ni 202.5. Wengi huishia hapo, na kwa bonde tambarare hakuna ubaya.

Ila mabonde yetu mengi si tambarare. Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, hutoka milima ya Uluguru, na miteremko ya mashariki ya milima hiyo hupata mvua nyingi kuupita mbali mji wa Morogoro ulio upande wa pili. Tuseme kituo chetu cha tatu kiko juu mlimani. Ukigawanya kwa 0.8 umesema, bila kutamka, kwamba mlimani kulinyesha sawa na wastani wa kule chini. Waliofikiria jambo hili, Paulhus na Kohler mwaka 1952, walipendekeza kuangalia kila kituo kimefikia wapi kwenye kawaida yake. Kawaida ya Aprili, yaani wastani wa miaka mingi, kwa vituo vyetu ni 200, 250 na 400. Kituo cha kwanza kimepata 0.9 ya kawaida yake, cha pili 0.96, wastani wa hizo ni 0.93, na 0.93 ya 400 ni milimita 372 kwa kituo cha mlimani. Tukiiweka hiyo, bonde linapata 162 jumlisha 74.4, yaani 236.4.

Angalia tulipofika: 162, 202.5 na 236.4, kutoka kwenye data ileile. Tofauti ya milimita 74 kwa mwezi ni tofauti ya bwawa kujaa au kutojaa. Na hakuna hata moja kati ya majibu haya ambalo halikukisia. La kwanza lilikisia kuwa kisichojulikana ni sifuri, la pili kuwa kinafanana na wenzake, la tatu kuwa kinafuata mwendo wa wenzake kwa kiwango chake. Anayedhani amekwepa kukisia, amekisia bila kuangalia.

Kazi ya namna hii kwa jedwali la maelfu ya safu haifanywi kisanduku kwa kisanduku. Unatengeneza matriksi ya pili, yenye umbo sawa na ya kwanza, ambayo ina 1 palipo na kipimo na 0 palipo na pengo. Mimi naiita matriksi ya alama. Kwenye matriksi ya mvua unaweka sifuri palipo na mapengo, lakini sasa sifuri hizo hazidanganyi mtu kwa sababu matriksi ya alama inazikumbuka. Zidisha mvua kwa uzito, zidisha alama kwa uzito uleule, kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili, kisanduku kwa kisanduku. Umepata 202.5 ya Aprili na ya miezi mingine yote kwa mara moja. Na pale ambapo jibu la alama ni dogo mno, mathalani uzito uliopo haufiki nusu, unaliacha jibu kuwa pengo. Matriksi hiyo usiitupe baada ya kujaza. Ihifadhi pamoja na data, kwa sababu miezi sita baadaye hutakumbuka 372 ya mlimani kama ilisomwa kwenye silinda au ilitoka kichwani mwako.

Njia hii ya alama ina mtego wake, na mtego huo umewanasa hata wazoefu. Unapotafuta uhusiano kati ya vituo, inashawishi kutumia kwa kila jozi miaka ile tu ambayo vituo vyote viwili vina data. R hufanya hivyo ukiiomba, na pandas hufanya bila hata kuombwa. Tazama kinachoweza kutokea. Kwa miaka mitatu ya kwanza tuna vituo A na B tu: A ina 600, 700, 800 na B ina 900, 1000, 1100. Miaka mitatu inayofuata A imefungwa: B ina 900, 1000, 1100 na C ina 500, 600, 700. Miaka mitatu ya mwisho B ndiyo imefungwa: A ina 600, 700, 800 na C ina 700, 600, 500. Kipimo cha uhusiano huanzia -1 (kwenda kinyume kabisa) hadi 1 (kwenda sambamba kabisa): cha A na B ni 1, cha B na C ni 1, cha A na C ni -1. Kila namba ni sahihi ukiitazama peke yake. Lakini zisome pamoja: A huenda sambamba kabisa na B, B huenda sambamba kabisa na C, na A huenda kinyume kabisa na C. Hakuna mvua ya dunia hii inayoweza kufanya hivyo.

Hesabu yenyewe inalishuhudia hilo. Weka vituo vyote kwenye kipimo kimoja, ili varianzi ya kila kimoja, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika, iwe 1; chukua A, toa B, ongeza C, kisha tafuta varianzi ya matokeo. Unajumlisha 3 kwa vituo vyenyewe, halafu mara mbili ya -1, -1 na -1 kwa jozi zao (B imetolewa, hivyo 1 za jozi zake hugeuka -1): 3 toa 6, jibu -3. Varianzi ni wastani wa vipeo vya pili vya umbali wa kila namba kutoka kwenye wastani. Haiwezi kuwa hasi. Ndiyo maana mtu akichukua jedwali hili na kulipeleka kwenye hesabu ya Cholesky, njia nyingine ya kuvunja matriksi vipande, programu hukataa na kulalamika kuwa matriksi si chanya. Tatizo halikuanzia hapo. Lilianza pale jozi tatu zilipozungumza juu ya vipindi vitatu tofauti, na sisi tukaziweka kwenye jedwali moja kana kwamba ni za kipindi kimoja. Mwanahisabati Nicholas Higham alionyesha mwaka 2002 jinsi ya kutafuta jedwali halali la uhusiano lililo karibu zaidi na lile bovu, na R ina nearPD kwa kazi hiyo. Nimeitumia pale ubovu ulipokuwa mdogo, suala la desimali za mbali. Kwa jedwali kama la hapo juu singethubutu.

Basi tutupe safu zote zenye pengo? Kwa jedwali dogo lenye mapengo machache, ndiyo, na huhitaji kuona haya. Ila piga hesabu kwanza. Vituo kumi, kila kimoja kikikosa asilimia 5 ya siku bila mpangilio, vinakuachia takriban asilimia 60 ya siku zilizo kamili. Vituo 30 vinakuachia asilimia 21. Umetupa karibu siku nne kati ya kila tano kwa mapengo ambayo kila kituo peke yake kingeyavumilia.

Kujaza wastani nako kuna gharama isiyoonekana. Namba 2, 4, 6 na 8 zina wastani wa 5 na varianzi ya 6.67 (kwa sampuli, tunagawanya kwa idadi toa moja). Ongeza mapengo mawili yaliyojazwa 5: wastani haukutikisika, varianzi imeshuka hadi 4. Data sasa inaonekana tulivu kuliko ilivyo, na yeyote atakayeitumia kukadiria hatari ya ukame au mafuriko atajiamini kupita kiasi.

Hapa inabidi kuuliza swali ambalo kompyuta haiwezi kuuliza: kwa nini namba haipo? Mwanatakwimu Donald Rubin alilipanga swali hili mwaka 1976 katika mafungu matatu, na tangu hapo hakuna anayeshughulikia mapengo kwa dhati bila kupita kwake. Mpimaji aliumwa jino. Hilo halihusiani na mvua wala na kitu kingine kwenye jedwali, na mapengo ya hivyo yanakupunguzia data tu, hayakupotoshi. Kituo kiko shuleni na hukosa vipimo wakati wa likizo. Pengo lina mpangilio, lakini kalenda tunayo, na tunaweza kulizingatia. Fungu la tatu ndilo gumu: usiku mto ulifurika, njia ikakatika, au chombo chenyewe kikasombwa. Namba haipo kwa sababu ilikuwa kubwa. Ukiijaza kwa wastani, umeifuta mvua kubwa kuliko zote kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna fomula ndani ya jedwali itakayokuonya. Ni mpimaji tu anayejua. Ndiyo maana safu ya maelezo pembeni mwa daftari, ile ambayo waingiza data huiruka ili wamalize haraka, mimi naithamini kuliko programu yoyote.

Pale mapengo yanapokuwa mengi kuliko namba, mambo hugeuka kwa namna ya kupendeza. Mwaka 2006 kampuni ya Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni moja, ikatoa matriksi ya watazamaji 480,189 kwa filamu 17,770. Visanduku vilivyokuwa na alama ambazo watazamaji walizipa filamu vilikuwa kama milioni 100, takriban asilimia 1.2, vingine vyote vilikuwa mapengo. Wazo lililofanya kazi vizuri ni kwamba ladha za watu hazitofautiani kwa maelfu ya namna. Zinaelezeka kwa mielekeo michache, kwa hiyo matriksi kubwa inaweza kuandikwa kama zao la matriksi mbili nyembamba, na nyembamba hizo unazitafuta kwa kupima kosa kwenye visanduku vinavyojulikana peke yake. Zawadi ilitolewa mwaka 2009. Wachunguzi wa bahari nao, Beckers na Rixen, walikuwa wameeleza mwaka 2003 njia ya jamaa moja kwa picha za setilaiti zilizofunikwa na mawingu: jaza mapengo kwa kisio lolote, vunja matriksi kwa SVD, bakiza mielekeo michache mikubwa, irudishe matriksi, badilisha visanduku vya mapengo tu, rudia mpaka vitulie. Mvua ya ukanda mmoja ina tabia hiyohiyo, kwa kuwa masika huvikuta vituo vingi kwa pamoja.

Utajuaje kama ulichojaza kinafaa? Unaficha visanduku unavyovijua, unaviacha vijazwe kama mapengo mengine, halafu unalinganisha. Wengi huficha siku mojamoja huku na kule, na kosa hutoka dogo, la kutia moyo. Lakini kipimamvua kikiharibika hakiharibiki siku moja. Hukaa hivyo wiki, pengine mwezi, mpaka kipatikane kingine. Kwa hiyo mimi huficha Aprili nzima ya kituo cha mlimani, mwaka mmoja baada ya mwingine. Kosa hutoka kubwa zaidi, na hilo ndilo ninaloliandika kando ya 236.4 kabla sijaikabidhi kwa anayesimamia bwawa.